Dawa Iliyopungua Ndani ya Chupa Iliyofungwa

Kijana mmoja wa Turbo alinijia mwezi uliopita na malalamiko. Alikuwa amechanganya dawa ya kupe kwenye pipa, akawapulizia ng'ombe wake Jumamosi, na iliyobaki akaifunika vizuri aje aitumie Jumamosi zinazofuata. Baada ya majuma matatu kupe walikuwa wananenepa tu. Akaniambia bila wasiwasi kwamba mwenye duka alimuuzia dawa feki. Nikamuuliza maji aliyatoa wapi. Akasema kisimani, tena aliongeza konzi mbili za magadi, kwa sababu jirani alimwambia magadi hufanya dawa ishike kwenye manyoya.

Sikumcheka. Ningekuwa mtu mwingine ningemcheka, lakini mimi sina ruhusa hiyo, na nitawaeleza kwa nini.

Nyinyi mnaosomea kazi za maabara mkinikuta hapa mtaani West Indies nikipalilia sukuma wiki mnaniita mwalimu. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa mpimaji wa maji ya majosho, na kazi hiyo niliifanya hapa Eldoret mpaka nikastaafu. Siku hizi wengi hamjaona josho likifanya kazi. Ni handaki refu la saruji lililojaa maji yenye dawa. Ng'ombe anaruka upande mmoja, anazama mpaka masikio, anaogelea, anatokea upande wa pili akiwa amekasirika. Kila josho lilikuwa na mwogeshaji wake, na kila baada ya muda mwogeshaji alijaza chupa moja ya maji yale akaileta kwetu. Sisi tulisema dawa imebaki kiasi gani. Ikipungua, kupe wanaishi. Kupe wakiishi, ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, inaingia zizini, na ng'ombe wa gredi haulizwi mara mbili.

Dawa tuliyokuwa tukiipima zaidi ilikuwa ya jamii ya fosfati esta. Msitishike na jina. Chukulieni kwamba katikati kuna fosforasi, na fosforasi ile imeshika vitu vitatu kwa mikono mitatu. Ikiwa na mikono yote mitatu, ni sumu kwa kupe. Maji yakiung'oa mkono mmoja, basi, kupe anaweza kuoga humo na kujipaka mafuta. Maji peke yake huung'oa mkono ule polepole sana, kwa majuma mengi. Maji yenye asidi kidogo nayo ni mavivu. Lakini maji yakiwa na alkali, yaani magadi, majivu au chokaa, chembe za alkali huishambulia fosforasi yenyewe, na kazi ya majuma huisha kwa saa. Joto likipanda, mambo yanakwenda mbio zaidi. Ndiyo maana chupa iliyosafiri juu ya boneti ya gari na chupa iliyosafiri kwenye kivuli hazisemi neno moja.

Kuna jambo moja hapo lililonipendeza tangu ujana wangu. Mkono wa kwanza ukishang'oka, iliyobaki inakuwa ngumu kupita kiasi. Inabeba chaji inayoifukuza alkali, na inaweza kukaa majini miaka na miaka bila kukatika. Uzi wa urithi ulio ndani ya miili yetu, yaani DNA, umeshonwa kwa fosfati za namna hiyo hiyo, za mikono miwili. Zingekuwa zinakatika kirahisi kama dawa ya kupe, hakuna mtu angefanana na mama yake.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Barasa, aliyekuwa mkuu wa chumba chetu nilipoingia kazini. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuonja maji ya bomba kila asubuhi kabla ya kusalimia watu. Nilimkuta na mkebe wa sukari ambao hakuna aliyeujaza ila yeye. Siku moja aliniambia nisimamie mkebe ule wiki nzima na kuandika. Watu wa ofisi yetu walikuwa na haya; kila siku walichukua karibu nusu ya sukari waliyoikuta, wakamwachia mwingine. Jumatatu umejaa, Jumanne nusu, Jumatano nusu ya nusu. Haukuisha kabisa, lakini kufikia Ijumaa hakuna aliyeweza kupata chai tamu. Barasa akaniambia dawa ndani ya maji inapungua hivyo hivyo. Usiulize itaisha lini, uliza nusu yake inaondoka baada ya muda gani.

Nilielewa, lakini kuelewa hakukunizuia kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naosha chupa kwa sabuni kali ya soda, nasuuza mara moja, naanika. Majosho yote ya wilaya yakaonekana dhaifu kwa wiki mbili. Nilikuwa nimeshaandaa barua kali za kuwakemea waogeshaji. Barasa alichukua chupa moja safi, akatia maji kidogo, akatumbukiza karatasi nyekundu ya litmasi. Ikawa buluu, alama ya alkali: soda ilikuwa imebaki chupani. Hakunigombeza. Aliniletea ndoo ya maji na kiti, akaniambia nisuuze mpaka karatasi ikatae kubadilika. Nilisuuza siku mbili, na kila aliyepita alinipa pole kwa sauti ya kejeli.

Sasa nije kwenye habari ya Moiben.

Josho moja la huko lilikuwa la wafugaji wenyewe, lenye kamati yake, na mwogeshaji aliitwa Kiplagat. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, mkavu, mwenye kofia ya sufi hata mchana wa jua. Kati ya waogeshaji wote niliowajua, huyu ndiye alifanya kila kitu kama alivyoambiwa. Mathalani, dawa hutuama chini, kwa hiyo lazima ng'ombe wa kwanza kumi au ishirini waruke ili kuyakoroga maji, kisha warudishwe waruke tena, maana mara ya kwanza hawakupata dawa ya kutosha. Hakuna mfugaji anayependa ng'ombe wake wawe wa kukoroga. Kiplagat aliwatanguliza wa kwake.

Kwa miaka kadhaa josho lile lilitumia dawa ya aina nyingine, amitrazi. Amitrazi ina tabia iliyo kinyume kabisa na fosfati: huharibika kwenye maji ya kawaida na hukaa imara maji yakiwa na alkali kali. Kwa hiyo tuliwafundisha waogeshaji kutia chokaa. Mimi ndiye niliyemfundisha Kiplagat. Nilisimama naye pale ukingoni, tukapima magunia, nikamwonyesha jinsi ya kuikoroga kwenye ndoo kwanza isimpige machoni. Nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: chokaa ndiyo mlinzi wa dawa. Ukiona dawa inalegea, usiogope kuongeza chokaa.

Kisha kupe wakaanza kuizoea amitrazi, ofisi ikaamua majosho ya upande ule yarudi kwenye fosfati. Waraka wa kuwaelekeza waogeshaji niliuandika mimi. Ulieleza kumwaga maji yote ya zamani, kusugua kuta, kujaza upya, kipimo cha kuanzia na kipimo cha kuongezea. Ulikuwa waraka mzuri. Haukusema acheni chokaa.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Pale maabara, fosfati ikimwagika sakafuni, tuliimwagia chokaa ili iharibike kabla hatujapiga deki. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu, pengine wiki ile ile niliyoandika waraka. Kichwani mwangu chokaa ya sakafuni na chokaa ya joshoni zilikuwa zimekaa vyumba tofauti, na mlango kati yao ulikuwa umefungwa.

Chupa ya kwanza kutoka Moiben baada ya mabadiliko ilikuwa dhaifu. Ya pili ikawa dhaifu zaidi. Katika ripoti niliandika sentensi moja niliyoiona ya kawaida: inaelekea dawa haikutiwa kwa kipimo kilichoagizwa. Nikatia sahihi, nikaenda kula.

Nilichosikia baadaye nilikisikia kwa Bwana Abdi, mwenye lori aliyekuwa akitusafirishia madumu ya dawa hadi kwenye majosho. Alikuja kuchukua mzigo, akakaa kwenye benchi akinywa chai, akasema Moiben kumechafuka. Ng'ombe wanakufa kwa ndigana. Ripoti yangu ilisomwa mbele ya wafugaji, na wafugaji wakaielewa kwa njia moja tu: kama dawa haikuingia joshoni, basi Kiplagat anaiuza. Kamati ilikuwa imemnyang'anya ufunguo wa stoo. Watu walisema lisemwalo lipo. Mke wake alikuwa haendi tena kupeleka maziwa, kwa sababu ya maneno ya njiani. Na kamati ilikuwa ikisubiri kipimo kimoja zaidi, cha uhakika, kabla ya kumpeleka polisi.

Nilimhurumia, nakiri, lakini ile huruma ya mtu aliye mbali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kipimo hicho cha uhakika kiliandaliwa kwa umakini ambao mahakama ingeuonea wivu. Walimwaga josho, wakalijaza upya. Wakamwita Kiplagat aitie dawa mbele ya kamati nzima, kipimo kwa kipimo, katibu akihesabu kwa sauti. Alasiri ile ile wakajaza chupa, wakaifunga kwa nta, mwenyekiti akaweka sahihi kwenye karatasi iliyozungushiwa shingo ya chupa, na kesho yake asubuhi akanikabidhi yeye mwenyewe mkononi. Nikaivunja nta mbele yake, akaenda zake.

Nilipima saa nne. Dawa ilikuwa kama sita mahali palipostahili kuwa kumi. Hilo halikuniingia akilini, kwa sababu safari hii watu saba walikuwa wameiona ikiingia. Nikailaumu mashine. Nikaifungia chupa kabatini, na ufunguo wa kabati lile nilikuwa nao peke yangu. Kesho yake saa nne nikapima tena ili niihukumu mashine. Tatu. Nikapima dawa mpya ninayoijua kipimo chake, mashine ikasoma sawasawa. Siku ya tatu, saa nne, chupa ya Moiben ikasoma moja na nusu.

Nilikaa nikaiangalia. Hakuna mwizi aliyeingia kwenye lile kabati. Dawa ilikuwa inapungua nusu kila siku, kwa utaratibu, kama sukari ya ofisini, ndani ya chupa niliyoifungia mimi. Nikachukua litmasi nyekundu, na nadhani mkono wangu ulishajua kabla ya kichwa. Ikawa buluu kabla sijaitoa majini.

Ili nisijidanganye, nilichukua mitungi miwili ya maji ya kawaida, nikatia dawa mpya sawasawa. Mmoja nikautia kijiko cha chokaa, mwingine nikauacha. Kesho yake usio na chokaa ulikuwa palepale. Wenye chokaa ulikuwa umeanguka. Barasa alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na sikuwa na wa kumwonyesha. Nilifurahi kwamba hakuwepo. Hayo ni maneno ya aibu lakini ndiyo niliyohisi.

Hapo ndipo nilipofahamu namna mambo yalivyokwenda. Kiplagat alitia fosfati, akatia na chokaa, kwa sababu chokaa ni mlinzi wa dawa. Akaona kupe hawafi. Akaongeza chokaa, kama nilivyomwambia. Ripoti yangu ikasema dawa ni dhaifu, akaongeza tena. Kadiri alivyokuwa mwaminifu ndivyo josho lilivyozidi kuwa maji matupu. Na siku ile ya ushahidi, kamati nzima ilikuwa imesimama ukingoni ikimtazama akimwaga chokaa mchana kweupe, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu walikuwa wanamtazama mwizi wa dawa. Nani angemtilia shaka mtu wa chokaa?

Niliandika ripoti mpya mara mbili. Ya kwanza ilisema uchunguzi umebaini kwamba chokaa ilitumika kinyume cha utaratibu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa na faida moja kubwa: haikuwa na mtu ndani yake. Yeyote angeisoma na kudhani Kiplagat alikosea. Angeepuka polisi, na angebaki mjinga aliyeua ng'ombe wa watu. Niliilaza mezani usiku mmoja. Asubuhi niliichana, si kwa sababu ya ushujaa bali kwa sababu sikuweza kufikiria nikimsalimia tena yule mzee ukingoni.

Nilikwenda mwenyewe. Kamati ilikaa kwenye viti vya kukunja karibu na josho, wafugaji wamesimama nyuma yao, Kiplagat pembeni kabisa, kofia mkononi. Nilieleza habari ya mitungi miwili. Nikachovya litmasi kwenye josho lao wakaona wenyewe. Wengine walitikisa vichwa, wengine hawakuelewa, na sikuwalaumu. Kisha mwenyekiti, mzee mfupi mwenye fimbo, akauliza swali ambalo nililijua tangu nikiwa njiani.

"Sasa Madam, hiyo chokaa nani alimwambia aweke?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilimfundisha kwa ile dawa ya zamani. Tulipobadilisha, sikumwambia aache. Makosa si yake hata kidogo."

Mwenyekiti akaniomba nirudie polepole ili katibu aandike. Nikarudia, huku kalamu ikinifuata. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya kawaida ng'ombe wake watatu wafufuliwe na nani. Ofisini nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Haikunifanya nilale vibaya kuliko nilivyokuwa nikilala.

Walimrudishia Kiplagat ufunguo pale pale. Mwenyekiti alimpa mkono, wengine wakafuata, wachache wakaondoka bila kumtazama, kwa kuwa mtu akishasema neno baya juu ya mwenzake huona haya kuliko aliyesemwa. Yeye alivaa kofia yake akaanza kazi. Maji yale ilibidi yamwagwe tena na kuta zisuguliwe upya, chokaa isibaki hata kwenye nyufa. Nilimsaidia kusugua, si kwa ustadi. Wakati huo ndipo aliponiambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba na yeye alipoteza mtamba mwenye mimba na ndama dume. Walikuwa katika wale wa kukoroga.

Ikanijia hasira, sijui ya nani. Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya wiki zote zile, wanamwita mwizi, na neno moja tu lingemwokoa. Angesema tu, kuna kitu kingine ninachotia, Madam wa maabara ndiye aliniagiza. Mtu yeyote angenipigia simu.

Aliegemea ufagio wake akafikiri kwanza, kwa sababu hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Walipoanza kusema," akaniambia, "hata mimi nilijishuku. Nikaangalia kila kitu. Kipimo ya dawa nikaangalia. Madumu nikaangalia kama inavuja. Nikapima josho na kamba, labda nimekosea hesabu ya maji. Nilitafuta makosa yangu kila mahali, Madam. Hiyo chokaa ni wewe ulinifundisha. Hiyo sikuangalia."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kisha akainama akaendelea kusugua.